Ngazi ya Nje ya Jackton Odongo

Kitanda kilikuwa kimefika katikati ya ngazi, miguu juu kama mbuzi aliyechinjwa. Griffins alikishika upande wa chini akimwambia mwenye mkokoteni asikisukume. Maurine, mke wa Griffins, alikwisha kushuka kitambo. Alikuwa ameketi juu ya gunia la nguo nje ya lango, mtoto mgongoni, akingoja. Wanakwenda mtaa wa Lucky Summer kwa dada yake, alisema, wiki mbili tu. Lakini mtu wa wiki mbili habebi kitanda, wala hashushi mapazia.

Jackton Odongo, mwenye nyumba na baba yake Griffins, alisimama kando ya tangi la maji akitazama. Ukutani, pale ngazi ilipoanzia, palikuwa na alama ya X nyekundu na tarehe. Maafisa wa mipango ya jiji walikuwa wameipaka Jumatatu. Siku kumi na nne: ngazi ipate kibali au ibomolewe.

"Baba, usijisumbue sana," Maurine alisema. "Kibali kikitoka tunarudi. Nani atanilelea huyu mtoto kama si nyinyi?"

"Si wiki mbili tu?" Apondi, mke wa Jackton, aliuliza kutoka jikoni. Hakutoka nje kuwaaga.

Mkokoteni ukaondoka. Mtoto aligeuza kichwa mara moja, akaona kuku wa jirani, akasahau walipokuwa wakienda.

Ngazi ile haikujengwa nje kwa ajili ya mapambo. Griffins alipooa, kodi ya nyumba ilimshinda, na Jackton akaamua kumwongezea vyumba viwili juu ya nyumba yake, katika mtaa huo ulio nyuma ya Komarock. Nyamai, fundi, alitaka ngazi ipitie sebuleni. Ni rahisi, alisema, simenti kidogo, kazi siku nne. Jackton akakataa. Kwa Wajaluo mwana aliyeoa hapiti mlangoni mwa baba yake kwenda kulala na mkewe. Kule kwao Ugenya kijana angejenga simba yake, yaani nyumba ya kijana, karibu na lango la boma. Hapa ploti ni futi ishirini na tano kwa hamsini, basi simba ikapanda juu. Wazee wa ukoo walioko Nairobi walikaa Jumapili moja, wakala kuku wawili, wakabishana mpaka saa kumi, wakakata shauri kwamba nyumba ni mlango. Mwenye mlango wake ana nyumba yake. Ndipo Nyamai akajenga ngazi ya zege ubavuni, nje, ikipanda hadi mlango wa buluu. Habari ya kibali hakuna aliyeigusa. Mtaa mzima ulikuwa ukijenga hivyo hivyo.

Siku ya pili baada ya mkokoteni kuondoka, Jackton alikwenda ofisi ya mipango. Alikuwa amejiandaa kwa matusi, au kwa kuambiwa arudi kesho. Hakupata hata kimoja. Kwenye kaunta ya nne alikuta binti wa miaka thelathini hivi, jina lake Nyawira, aliyemvutia kiti na kumgeuzia kompyuta aone mwenyewe.

"Mzee wangu, nyumba yako ni hii. Ngazi ni hapa. Huu mstari wa buluu ni bomba la maji taka la mtaa mzima. Juu ya bomba hatuwezi kumruhusu mtu ajenge. Likiziba, tutachimba wapi?"

"Na nikitaka kibali?"

"Kuna njia mbili. Ya kwanza, ingiza ngazi ndani ya nyumba. Ukileta mchoro mpya leo, mimi kesho napitisha. Hata faini nitakuombea ipunguzwe."

"Ndani haiwezekani."

"Nafasi hakuna?"

"Nafasi iko."

Nyawira akasogeza karatasi mezani. "Ya pili, useme mstari huu umekosewa. Ujaze fomu hii, tuje na mashine tulitafute bomba. Kama haliko chini ya ngazi yako, X inafutwa. Lakini tukianza kulifuata hatuachi njiani. Tunalifuata mpaka tulipate, popote lilipo, na mchoro unarekebishwa."

Jackton aliishika fomu. Ilikuwa ukurasa mmoja tu. Aliikunja mara nne akaitia mfukoni, akasema atarudi.

Hakuhitaji mashine. Mtaro ule aliuchimba yeye mwenyewe, mwaka wa tisini, akiwa kibarua wa mkandarasi aliyepewa kazi ya maji taka, kabla hata hajaota kwamba siku moja angenunua ploti pale. Walikuwa watu tisa wenye sululu. Walipofika mahali ambapo sasa pana ngazi, walikuta jiwe jeusi, lile la Nairobi linalotoa cheche likigongwa. Waligonga siku mbili. Siku ya tatu nyapara akasema pindeni, fuateni udongo laini. Wakapinda hatua nane upande wa kushoto, wakalizunguka jiwe, wakarudi njiani huko mbele. Ndivyo walivyochimba siku zote: mwenye sululu huongozwa na ardhi, si karatasi. Bomba likapinda. Mchoro haukupinda.

Chini ya ngazi yake palikuwa na jiwe tupu. Na hatua nane upande wa kushoto palikuwa na jiko la Wacera.

Wacera alikuwa mjane kutoka Murang'a, jirani wa miaka ishirini na mbili. Jiko lake la matofali lilipika githeri na chapati za mafundi wa gereji zote za barabara ile. Kwa jiko hilo alikuwa amesomesha watoto wawili, na wa tatu, Muriuki, alikuwa bado chuoni. Jackton alipofika nyumbani alimkuta mlangoni akikanda unga.

"Mzee wa ngazi! Serikali imekuonyesha kivumbi?"

"Bado tunasukumana."

"Mimi nilifuata sheria, Baba Griffins. Miezi minane nilingoja kibali. Nyinyi mkanicheka. Chenu kiko wapi?" Akaelekeza kidole chenye unga ukutani, kibali kilikotundikwa ndani ya kioo, chenye muhuri na sahihi, kikisema kwamba jiko hili haliko juu ya bomba lolote. "Si waje wachimbe waangalie? Unajuaje, pengine hapo kwako hakuna kitu."

"Pengine."

"Basi waambie. Usiwe mwoga. Mama Griffins anakonda, jana hata uji wangu amekataa. Chukua chapati hizi umpelekee, na usizile njiani, nakujua."

Alizichukua. Apondi alikuwa uani akichambua dagaa wa omena kwenye ungo. Jackton akaketi kwenye kigoda, akamweleza yote, jiwe, nyapara, hatua nane. Mikono ya Apondi iliacha kuchambua.

"Kwa hivyo ukiandika, ngazi inabaki," alisema mwishoni.

"Inabaki."

"Na mtoto anarudi."

"Anarudi."

"Na jiko la Wacera?"

"Watalibomoa. Huwezi kuacha jiko juu ya bomba."

Apondi aliuweka ungo chini. Wacera ndiye aliyemkalia hospitalini siku tisa, mwaka alipopasuliwa, wakati Jackton alikuwa akizurura huko Mombasa akitafuta kazi.

"Ungenyamaza tu," Apondi alisema. "Ungekaa nalo peke yako. Sasa umenifungia na mimi humo ndani."

"Tunaweza kuweka ngazi sebuleni."

"Mke wa mwanangu apite mbele ya kitanda chako usiku na mchana? Ikija chira, laana ya kuvunja mwiko, itaanza na mtoto. Wewe ulimzika ndugu yako Odhiambo, unajua kilichomuua."

Jackton alijua kwamba daktari alisema ni ini.

Jumatano ya wiki ya pili Griffins alipiga simu.

"Niaje, mzee. Si uweke tu ngazi ndani? Sisi hatuna shida na hizo vitu."

"Mama yako ana shida."

"Na wewe?"

Jackton alisikia mtoto akilia nyuma ya simu, na Maurine akimbembeleza. "Kazi yako inaendaje?" aliuliza.

"Mzee, nimekuuliza swali." Griffins aliguna. "Sawa. Huku kuna nyumba imepatikana. Bedsita, chumba kimoja. Nikilipa Ijumaa sitaweza kurudi tena, kodi ni ya miezi mitatu mbele. Niambie kabla ya Ijumaa."

Alhamisi asubuhi Jackton alirudi kaunta ya nne, fomu mkononi. Alikuwa ameijaza kila mahali isipokuwa sahihi. Mwandiko wake ulikuwa mkubwa, wa mtu aliyeacha shule darasa la sita. Nyawira aliisoma, akafurahi.

"Kumbe ulikuwa kwenye kazi hii mwenyewe! Wazee kama wewe ndio tunaowatafuta. Michoro ya zamani si ya kuaminika. Niambie tu, liko wapi?"

Akamgeuzia kompyuta. Mstari wa buluu ulipita chini ya ngazi umenyooka, haujui jiwe. Pembeni yake, mraba mdogo wa jiko la Wacera ulikuwa mweupe, safi. Nyawira alimsogezea kalamu.

Jackton aliishika. Aliwaza kuku wa jirani na mtoto aliyegeuza kichwa. Kisha akaiweka kalamu chini, akaichukua fomu, akaichana katikati.

"Liko hapo hapo mlipochora," alisema.

"Una hakika? Mzee, nikiandika hivyo sina tena njia ya kukusaidia."

"Nilichimba mimi. Andika."

Nyawira akaandika.

Ngazi ilibomolewa Jumatatu, kazi ya saa mbili, na mtu wa mashine alilalamika kwamba chini yake pana jiwe. Hakuna aliyemuuliza zaidi. Griffins na Maurine walipanga ile bedsita ya Lucky Summer na bado wako huko. Wamepata mtoto wa pili, msichana. Apondi huenda kuwaona Jumapili, na hurudi jioni ile ile kwa sababu kimila mama halali nyumbani kwa mwanawe. Nyawira alihamishiwa idara nyingine. Nyamai anajenga Ruai. Wacera angali anapika. Muriuki alimaliza chuo na hajapata kazi, kwa hivyo humsaidia kukanda unga. Wacera huwaambia wateja kwamba jirani yake ni mtu mzuri ila kichwa ngumu, alijenga juu ya bomba akijua. Bomba halijapasuka. Vyumba vya juu havina mtu. Mlango wa buluu unafunguka hewani, na Jackton ameupigilia misumari kwa nje, akisimama juu ya ngazi ya mbao aliyoazima gereji.