Nusu ya Ubao Isiyoguswa

"Shemeji, hiyo mashine itajua nini kuhusu maiti?" kaka wa marehemu mume wangu alifoka, randa mkononi, akiitazama tableti ya binti yangu. "Mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari letu ni ubao huu, miaka ishirini!"

"Na jana, ba'mkubwa," binti yangu alimjibu, "mwalimu wa watu kazikwa kakunja magoti."

Fundi wa vanishi aliacha brashi ndani ya kopo.

Sisi tunatengeneza majeneza. Oda hupokelewa dukani, karatasi huletwa huku nyuma karakanani, shemeji hunakili vipimo kwa chaki ubaoni. Lakini nusu ya ubao haiguswi. Ina oda za mwisho alizoandika mume wangu kabla hajaanguka, na hakuna aliyethubutu kuzifuta. Nusu iliyobaki hujaa upesi. Juzi shemeji alifuta oda moja apate nafasi, akidhani jeneza limeshachukuliwa. Lilikuwa halijarandwa hata ubao mmoja. Watoto wa mwalimu walipofika na gari, dukani tulikuwa na jeneza moja tu, fupi. Mjane hakunitukana. Alisaidia kuyakunja magoti ya mumewe.

Binti yangu aliinua tableti. "Mfumo huu ni mmoja kwa wote. Dukani wakiingiza oda, wewe unaiona hapo hapo. Stoo nao wanaiona, wanajua mbao zinatosha au la. Na oda haiondoki mpaka wenyewe wasaini kwamba wamechukua."

"Umeme ukikatika?"

"Ina betri. Bati likivuja je? Mvua ya mwaka jana ilikunywa oda tatu."

Fundi wa vanishi alicheka, kisha akajifanya anakohoa.

Shemeji hakucheka. "Semeni tu mnataka kumfuta. Alikuwa mdogo wangu yule."

"Na alikuwa mume wangu," nilisema. "Aliandika pale ili watu wazike wafu wao kwa heshima. Hakuandika ili tumtazame."

Nikampa tableti. "Oda zako ni nne. Ziingize."

Alibonyeza kwa kidole kimoja, akinuna. Tatu zilipita. Ya nne ikagoma.

"Inataka nini tena hii?"

"Urefu," binti yangu alisema kwa upole. "Hujaweka urefu."

Shemeji aliugeukia ubao. Palikuwa na upana, aina ya mbao, siku ya mazishi. Urefu haukuwepo. Akaenda dukani mwenyewe kuuliza. Aliporudi aliingiza namba, oda ikapita.

Nilichovya kitambaa kwenye ndoo, nikaanza na upande wa mume wangu. Mwandiko wake ulitoka kwa shida. Chaki ilikuwa imeshika. Maji yalipochafuka, shemeji aliichukua ndoo bila kuambiwa, akaenda kuyabadilisha.