Kesho Haikai Chini

Saa tatu na nusu asubuhi, Jumanne ya pili ya mwezi Juni, Marlys Teague alifungua Nyumba ya Kesho kwa ufunguo wa kawaida. Akampangusa vumbi mama wa plastiki aliyekuwa jikoni, akamrekebisha shingo baba wa plastiki aliyekuwa ameangalia ukuta tangu jana yake, kisha akaenda kusimama pembeni mwa mlango. Alikuwa amesimama hapo miaka thelathini na moja, ukitoa likizo na wiki sita za uzazi.

Nyumba hiyo ilikuwa ndani ya Mji wa Kesho, na Mji wa Kesho ulikuwa ndani ya bustani ya burudani ya Pelham, kusini ya Orlando, palipokuwa na mashamba ya machungwa kabla jalidi ya mwaka mmoja haijayaua. Mzee Pelham aliujenga enzi watu wakijiandaa kwenda mwezini. Alitaka kuwaonyesha wageni watakavyoishi mwaka 2000. Mwaka 2000 ulikuja, ukapita, na nyumba haikuambiwa. Simu ya kuonana ilikuwa bado ukutani, kubwa kama kabati, na watoto waliokuja na simu mifukoni waliuliza hii ilikosa nini hata ikafungwa kwa skrubu. Ukibonyeza kitufe, tanuri ilitoa keki. Keki ilikuwa ya sponji ya kuogea, na ilipakwa rangi upya kila Pasaka.

Mzee Pelham aliamini kwamba watu wa kesho hawatachoka. Kwa hiyo juu ya mlango wa wafanyakazi aliweka maneno ya herufi za chuma: KESHO HAIKAI CHINI. Alikwisha kufa zamani, lakini mfanyakazi yeyote wa Mji wa Kesho aliyeonekana amekaa aliandikiwa onyo. Ndani ya nyumba kulikuwa na viti vinne vizuri sana. Vilikuwa vya familia ya plastiki.

Marlys alikuwa na miaka hamsini na minane na mishipa ya miguu iliyovimba na kujisokota kama mizizi. Alikuwa ameandika barua kumi na moja kuomba stuli. Si kiti, stuli tu. Mwaka mmoja alichoka kuandika, akambeba mama wa plastiki, akamficha bafuni, akavaa aproni yake na kukaa mahali pake, kidole juu ya kitufe. Alipumzika saa mbili na dakika arobaini. Ndipo bibi mmoja kutoka Ohio alipomgusa shavu, akamwambia mumewe, "Huyu wamempatia hasa. Tazama, hadi makunyanzi!" Marlys akacheka, na onyo likaandikwa.

Jumanne hiyo ya Juni alikuja Bwana Bryce Haverkamp. Alikuwa mtaalamu aliyeletwa na ofisi kuu kuchunguza kama Mji wa Kesho bado unastahili jina lake. Kama haustahili, ungevunjwa, na eneo lake, pamoja na wafanyakazi wake, lingeongezwa kwenye Bonde la Dinosaria lililokuwa jirani.

Habari hiyo Marlys aliipokea kwa furaha aliyoificha vizuri. Wafanyakazi wa Bonde la Dinosaria walikuwa wakikaa juu ya magogo. Ofisi iliwaruhusu kwa sababu enzi za dinosaria, walisema, hapakuwa na utaratibu.

"Bi Teague," Bryce alimwuliza, kishikwambi mkononi, "kwa maoni yako, mgeni akiingia humu anaiona kesho?"

"Anamwona babu yake, bwana wee. Hiyo keki ni sponji. Na mbwa wa umeme hana mkia tangu kimbunga kile kikubwa."

"Kwa hiyo haifai?"

"Mimi si msomi, lakini ningekuwa wewe ningeleta tingatinga leo leo, kabla mvua ya mchana haijaanza."

Bryce aliandika. Alikuwa bado anaandika mlango wa nyuma wa jikoni ulipofunguka. Ulikuwa mlango wa pambo. Nyuma yake kulikuwa na ubao uliochorwa anga, na nyuma ya ubao, zege. Akaingia mwanamke wa makamo aliyelowa mabegani, amevaa sare ya rangi ya fedha iliyofanana na ya Marlys, ila kola yake ilikuwa tofauti kidogo.

"Samahani jamani," akasema. "Natafuta stoo."

"Stoo iko upande wa pili," Marlys akamjibu. "Umelowa wapi, na nje jua linachoma?"

"Kwetu inanyesha."

Jina lake lilikuwa Yaritza Pham. Alikuwa mhudumu wa Nyumba ya Kesho, hiyohiyo, zamu ya asubuhi, mwaka 2091. Aliyasema hayo huku akikamua kola yake kwenye sinki la pambo, ambalo halikuwa na bomba la kutolea maji. Maji yakamwagika miguuni mwa Bryce, na Bryce akasogea.

Mlinzi, Royce Gaskin, aliitwa kwa redio. Alifika, akamtazama Yaritza, akautazama mlango, akauliza tiketi iko wapi.

"Nimetokea upande wa huko," Yaritza akasema.

"Hata upande wa huko tunakata tiketi, mama."

"Mimi ni mfanyakazi."

"Ungesema mapema," Royce akasema, akarudi getini.

Bryce alikuwa mtu makini na kazi yake. Aliona kwamba bahati ya namna hiyo haimwangukii mchunguzi kila siku. Alifungua ukurasa mpya, akamwomba Yaritza amjibu maswali machache. Marlys alisimama kando, ametulia, maana aliamini shahidi aliyetoka kwenye kesho yenyewe angeimaliza ile nyumba kwa neno moja.

"Huko kwenu magari yanapaa?" Bryce akauliza.

"Yanapaa. Ya wenyewe."

"Wewe unakuja kazini na nini?"

"Basi. Linachelewa."

"Na roboti?"

"Zipo nyingi. Tunazo sita humu ndani."

"Zinafanya kazi usiku na mchana?"

"Thubutu! Kila saa zinakaa dakika ishirini kwenye viti vyao vya chaji. Zikisimama muda mrefu zinaharibika magoti."

Marlys alikohoa. Bryce akaandika: roboti, zipo.

"Sasa sikiliza, Bi Pham, hili ndilo swali lenyewe. Ukiangalia Mji wa Kesho huu, hivi ulivyo, unafanana na kesho unayoishi wewe?"

Yaritza alitazama. Aliitazama simu ya ukutani, akapita. Aliitazama keki, akapita. Alitazama viatu vya Marlys, vyeusi, vilivyokanyagwa vikalala upande mmoja, kisha vyake mwenyewe. Alichungulia nje akaona herufi za chuma juu ya mlango wa wafanyakazi.

"Ni hukohuko," akasema. "Unafanana kabisa. Mmejuaje?"

Alikuwa mwanamke mkweli, na hakuna aliyekuwa amemweleza habari za magogo.

Bryce alipoondoka kwenda kula sandwichi yake ya Kikuba, Marlys alimgeukia mgeni wake.

"Shoga, umenimaliza."

"Nimefanya nini?"

"Ungesema tu haufanani. Neno moja! Sasa hivi ningekuwa nachagua gogo."

Akamweleza yote: barua, Ohio, dinosaria. Yaritza alisikiliza huku akiegemea jokofu, kisha akakumbuka akaacha kuegemea.

"Unajua kwa nini nilikuwa natafuta stoo?" akauliza.

"Kwa nini?"

"Nilisikia kuna ndoo humo. Nilitaka kuigeuza niikalie kidogo."

Marlys alimpa nusu ya chai yake ya barafu, wakainywa wamesimama.

Ripoti ilitoka baada ya wiki mbili. Ilisema kwamba Mji wa Kesho unalingana na kesho kwa asilimia tisini na nne, kiwango ambacho hakijapata kufikiwa na bustani yoyote, na kwamba asilimia sita zilizopungua zilitokana na mkia wa mbwa. Mkurugenzi, Bi Candace Wohl, aliiweka kwenye fremu ya dhahabu na kuitundika mlangoni. Mbwa akashonewa mkia. Mpango wa kupanua Bonde la Dinosaria ukafutwa. Marlys aliandika barua ya kumi na mbili, akaambatanisha maelezo kuhusu magoti ya roboti. Alijibiwa kwamba ofisi imefurahishwa na jinsi anavyojali mitambo.

Yaritza aliendelea kuja. Mapumziko yake yalikuwa dakika kumi na mbili, na aliona afadhali ayamalizie penye mtu wa kuongea naye. Wageni walimwuliza choo kiko wapi, naye aliwaelekeza, kwa kuwa hata mwaka 2091 kilikuwa palepale. Bi Wohl alipomwona mara ya tatu alimwambia kola yake si ya mtindo unaotakiwa, akampa nyingine.

Mwezi Julai kiyoyozi kikafa. Siku ya nne ya joto lile, saa nane na robo mchana, ngurumo zikiwa zimeanza upande wa maziwa na mvua bado haijashuka, Marlys aliona familia ya plastiki ikisogea mbali, taratibu, pamoja na viti vyake. Akaanguka kwenye zulia.

Alipofumbua macho, Yaritza alikuwa anampepea kwa ramani ya bustani.

"Tulia hapohapo," Yaritza akamnong'oneza. "Nimesoma kitabu chenu cha kanuni. Aliyezimia analazwa dakika kumi, na anapewa maji. Usiamke hata ukipona."

"Nimeshapona."

"Fumba macho, wewe!"

Marlys akafumba. Miguu yake ilikuwa imenyooka mbele yake wakati wa kazi kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya aproni, na aliisikia ikimshukuru, mmoja mmoja, kwa sauti ndogo kama ya mtu anayeota. Wa kushoto ulizungumza zaidi. Juu yake watu walipiga makofi. Mzee mmoja mwenye kofia ya mvuvi alimwambia mkewe kwamba hatimaye wameweka kitu cha kweli humu ndani.

Kesho yake alizimia Yaritza. Alichagua upande laini wa zulia, karibu na mbwa. Keshokutwa akazimia Marlys. Waliwekeana zamu, wakawa hodari: Marlys alianguka polepole, kama keki isiyoumuka vizuri, Yaritza alianguka mara moja, na kabla ya kuanguka alitoa mlio mdogo ambao watoto waliupenda. Royce aliletwa kuthibitisha. Alisimama juu ya Marlys, akamwangalia kope zikimchezacheza, akaandika kwenye fomu kwamba amezimia, tena sana.

"Ukirudi leta chai, Royce," Marlys akasema, macho yamefumbwa.

"Aliyezimia haongei, Bi Marlys," Royce akajibu, na chai akaleta.

Basi wageni wakaanza kuandika maoni. Waliandika kwamba keki inachosha na simu inachekesha, lakini yule mama anayeanguka anaonyesha kweli maisha yanakoelekea. Wapo waliorudi mara mbili kwa ajili yake. Bi Wohl alisoma maoni yote, maana alikuwa mkurugenzi anayesoma, akashuka mwenyewe hadi Nyumba ya Kesho. Marlys alimwona akija, akajua magogo yamekwisha, stuli imekwisha, na dakika kumi nazo zimekwisha.

"Bi Teague," Bi Wohl akasema, "mbona hukuniambia una kipaji?"

Wiki iliyofuata likawekwa bango nje ya nyumba, lenye taa: KUZIMIA, KILA SIKU SAA NANE NA ROBO. JUMAMOSI MARA MBILI. Marlys na Yaritza wakapewa mafunzo ya nusu siku, wamesimama. Stuli haikutajwa. Bi Wohl alieleza kwamba mtu aliyekuwa amekaa akianguka haipendezi.

Siku bango lilipowashwa, Yaritza alichelewa. Alitokea mlango wa nyuma akiwa amelowa tena, akasimama kwenye mlango wa mbele, akilisoma bango la nje.

"Vipi?" Marlys akamwuliza.

"Hili bango tunalo. Liko hapahapa, taa zake nusu hazifanyi kazi. Siku zote nilikuwa najiuliza nani alianzisha huu upuuzi."

"Ala! Kwa hiyo nanyi mnazimia?"

"Kila siku. Saa nane na robo."

Watu walikuwa wamekwisha kujipanga, watoto mbele, simu zimeinuliwa. Saa ya ukutani ilikuwa saa nane na dakika kumi na nne. Marlys alijinyoosha sketi, akasogea hadi upande laini wa zulia.

"Na huko kwenu bado ni dakika kumi?" akauliza.

"Saba," Yaritza akasema.

Marlys alifikiri kidogo. Kisha akamshika mwenzake mkono, akamvuta pale zuliani, wakazimia wote wawili kwa pamoja, dakika moja kabla ya wakati.