Spika Zije, Santuri Zibaki

1.

MAONI. Santuri ya Wajerumani wawili na mashine zao. Jalada jeupe.

Mdundo mmoja unajirudia upande mzima kama pampu ya maji. Watu husema muziki wa elektroniki hauna roho. Hao hao husikiliza hotuba za wanasiasa wakapiga makofi. Mashine angalau haikudanganyi. Santuri nzuri sana, wala usiniombe nikuazime.

2.

TANGAZO LA KIFO

Kwa huzuni kubwa lakini kwa kukubali mapenzi ya Mungu, tunatangaza kifo cha Ndugu Lusweti, kifungua mimba wa Mama Rasoa, kilichotokea Nairobi baada ya kuugua kwa muda mfupi. Marehemu alikuwa mwimbaji wa nyimbo za kumsifu Bwana. Mazishi yatafanyika Jumamosi nyumbani kwao, karibu na Kimilili. Nyote mnakaribishwa.

3.

Muda mfupi!

Miaka minne ya figo, ndugu zangu. Miaka minne ya kulazwa kando ya ile mashine ya kusafisha damu, mimi nimeketi kwenye benchi nikimsomea majina ya santuri mpya. Mama yake aliambiwa ni malaria, kisha taifodi, kisha malaria tena. "Usimwambie, Kivuva," Lusweti alinikanya. "Mama ana presha."

Na nyimbo za kumsifu Bwana? Lusweti aliimba katika Jivu Baridi, bendi ya muziki wa metali, kali kuliko zote nilizowahi kusikia Nairobi. Alinguruma hadi mishipa ya shingo ikamsimama. Najua marehemu hasemwi vibaya. Lakini nani aliagiza asemwe uongo?

4.

MAONI. Metali kali kutoka nchi za theluji. Jalada jeusi, jina la bendi halisomeki.

Mpiga ngoma anakimbia kama mchuuzi aliyewaona kanjo, askari wa jiji. Kasi si hasira! Mwenye hasira ya kweli anajua kungoja. Hawa ni vijana walioshiba, waliopakwa masizi usoni. Nimeiweka kwa sababu Lusweti aliipenda, na kila tulipobishana juu yake alicheka hadi—

5.

Kundi la WhatsApp: KAMATI YA MAZISHI

Shemasi Makokha, mwenyekiti: Bwana asifiwe. Tunatafuta spika za maana. Zile za mwaka jana zilituaibisha.

Nanjala, binamu: Kuna yule rafiki yake wa Nairobi, Kivuva. Ako na spika kubwa sana.

Shemasi Makokha: Basi spika zije. Zile santuri za mashetani zibaki huko huko.

Nanjala: Amina.

Shemasi Makokha: Na asiguse programu. Yeye ni wa kuwasha na kuzima tu.

6.

Wewe unayesoma, ungefanya nini?

Maana Lusweti alishaniomba, akiwa kitandani, midomo imemkauka. "Wakinishusha, weka upande wa pili wa ile santuri yetu. Niahidi." Nikamwahidi.

Basi nikapakia spika kwenye pikapu, na santuri nikaificha katika sanduku la nyaya. Ile mashine ya kuchezea santuri nilimwambia shemasi ni ya kusafisha sauti. Akaitikia kwa kichwa, mjuzi wa kila kitu.

7.

Yaliyosikika nyuma ya hema, nikifunga nyaya:

— Huyo ndiye alimharibu mtoto wa watu.

— Mbona amevaa nyeusi hivyo?

— Si ni matanga?

— Hapana. Hiyo nyeusi yake ni ingine.

— Chai iko wapi?

8.

MAONI. Kinanda cha kukodi, mazishini.

Mdundo ni ule ule kilitoka nao kiwandani. Kwenye harusi wanauongeza mwendo, kwenye mazishi wanaupunguza. Nasikia uchungu. Lusweti yumo mle ndani ya sanduku la mbao, hawezi hata kuziba masikio.

9.

MAONI. Jivu Baridi, upande wa pili.

Gitaa limekaa vizuri. Besi imezama, kosa la fundi. Ngoma ni za kompyuta, kwa sababu mpiga ngoma wetu alienda Qatar kulinda maduka. Chini ya yote kuna mlio wa ile mashine ya kusafisha damu, tuliounasa kwa simu. Kisha anaingia Lusweti. Nimezitukana santuri nyingi maishani. Hii siwezi. Ni bora kuliko zote nilizo nazo, na nitakayebishana naye ajiandae.

10.

Shemasi Makokha amefika kwenye "mavumbi kwa mavumbi." Vijana wameshika kamba. Jeneza linaanza kushuka.

Natua sindano.

Mlio.

    Mlio.

        Mlio.

Lusweti.

11.

"Zima jenereta! Mzime huyo shetani!"

Ni shemasi, anakimbia na Biblia kwapani. Kuna mtoto analia. Mama Rasoa anainuka kwenye kiti chake cha plastiki, watu wanampisha, wakidhani anaenda kaburini. Anakuja kwangu. Najiandaa kwa kofi, na nakubali kwamba ni haki yake.

"Huyo anayelia ni nani?"

"Ni Lusweti, mama."

"Lusweti wangu?"

"Ndiyo, mama."

Anasogeza sikio hadi kwenye spika, karibu mno.

"Alikuwa anaumwa hapa?"

Nimemaliza uongo wote. "Alikuwa anaumwa sana, mama. Figo. Muda mrefu."

Anaweka kiganja juu ya spika.

"Na anasema nini?"

12.

MAONI.

Nina maoni kuhusu besi. Nina maoni kuhusu karatasi ya jalada na wino wake. Nimegombana na wageni wa nchi nisizozijua kwa sababu ya sauti ya ngoma. Yale maneno yaliandikwa na rafiki yangu, akayanguruma mbele yangu siku nzima studio, na mimi sikuwahi—

Sikumuuliza.

"Sijui, mama."

13.

Shemasi ameshika swichi ya jenereta. Mama Rasoa anamwinulia mkono bila kumtazama, naye anasimama. Kaburini vijana wamekaza kamba, jeneza liko nusu ya njia, wanatuangalia.

"Rudisha mwanzo," anasema Mama Rasoa. "Nisikie vizuri."