Beseni la Studio

Kila asubuhi saa mbili, kabla ya kufungua studio yake ya picha mtaani Makorora, Mzee Kutbuddin alifagia chunusi chini ya meza ya kompyuta. Mwanawe Moiz alileta kamera ya dijitali kutoka Dubai miaka ile ambayo bandarini kila kitu kiliruhusiwa kuingia isipokuwa aibu. Tangu hapo, kila alichokifuta kwenye picha kilidondoka sakafuni: makovu, makunyanzi, videvu vya ziada. Msimu wa harusi beseni alilozolea taka hizo lilijaa, likanuka kama dagaa walionyeshewa na mvua.

"Zamani kovu nililificha kwa mwanga," alisema mzee. "Taa huku, kidevu kule. Hakuna aliyechunwa."

"Na watu wakasubiri wiki nzima, baba," alijibu Moiz, akibofya.

Jumatatu moja Yaqoub, mfanyabiashara wa Raskazone, alileta picha ya familia yake, aliyoipiga mzee mwenyewe Idi ya mwaka sabini na sita. Alitaka mkewe Shemsa atolewe, awekwe Lina, bibi harusi mpya.

"Inakaa sebuleni," alieleza. "Wageni wanauliza maswali."

Moiz alianza kufuta miguuni. Shemsa akadondoka chini ya meza na mwiko mkononi, maana wakati huo alikuwa jikoni kwake.

"Shikamoo, mama," alisema Moiz.

"Marahaba. Hebu nivute, huku kunateleza."

Alijikung'uta makunyanzi ya watu, akaenda kwake. Kabla ya alasiri alikuwa amerudi. Ufunguo wake haukuingia mlangoni, na wanawe walimwamkia kwa adabu kama mgeni aliyekosea nyumba, wakamwelekeza stendi.

"Nirudishe," alimwambia Moiz.

"Mpaka ipatikane negativu, filamu yake, mama. Ile picha yenyewe mzee Yaqoub kaichana."

Mzee Kutbuddin hakuwahi kupoteza negativu hata moja. Zote alizipanga kwenye makopo ya biskuti, kwa jina na tarehe. Alifungua kabati. Ndani kulikuwa na printa.

"Makopo yangu?"

"Nilichoma vilivyomo, baba. Vilikuwa vinakula nafasi."

Mzee alitema mate dirishani, jambo ambalo hakuwahi kulifanya mbele ya mwanamke.

Shemsa alichukua ufagio. Mpaka leo anafagia yeye. Anasema mzee alikuwa anaacha taka pembeni.

Mwezi uliopita Yaqoub alikuja kupiga picha ya pasipoti. "Nipishe, bibi," alimwambia Shemsa, akakaa. Moiz alimfuta chunjua ya shavuni, ikadondoka. Shemsa aliiokota, akaigeuza kiganjani. Alikuwa ameilalia kwa miaka ishirini na minane.

"Chunjua yako hii, Yaqoub."

"Itupe tu, bibi," alisema Yaqoub, macho kwenye kompyuta. "Umeona nilivyotoka?"

"Umetoka," alijibu Shemsa.

Aliiweka pamoja na nyingine, beseni likajaa, akalitoa nje kulimwaga. Paka wa Makorora walikuja, wakanusa, wakaondoka.