Udongo Menoni

Godelieve alikuwa amechoka, wala si kwa jua la kijiji cha Lopur peke yake. Kwao Bukavu alisomea miamba miaka mitano, akafanya kazi migodini, kisha vita vikamlia vyeti vyote. Kakuma akawa mkimbizi tu. Kampuni ya kuchimba visima ilimwandika kama mpishi, ila injinia Lokiru alimwahidi jambo moja: akiwasomea udongo mpaka maji yapatikane, atamwandikia barua ya kuthibitisha kwamba amefanya kazi ya jiolojia. Bila barua hiyo, ofisi ya Lodwar isingemsajili upya kama mwanajiolojia.

Basi kila mtambo ulipotema udongo, Godelieve aliuchota, akautia kati ya meno ya mbele, akautafuna. Ukiteleza, ni wa mfinyanzi mtupu. Ukikwaruza, kuna mchanga, na mchanga ndio hukaa na maji.

"Mama iko na mimba!" akapiga kelele Erupe, fundi wa mtambo. "Ona vile anakula udongo. Miezi ngapi?"

"Miye niko na miaka makumi tano na mbili," akajibu Godelieve. "Ile mimba itatokea wapi?"

Walicheka mpaka wakashika mbavu. Maskhara hayo yalidumu miezi miwili, naye akayameza pamoja na vumbi.

Kufika mita ya sitini, pakavu, Lokiru akataka kufunga kazi. Godelieve akatafuna, akatema. "Inakwaruza. Muongeze kidogo." Wakaongeza huku wamenuna. Mita ya sitini na nne maji yakaruka, matamu, na wanawake wa Lopur wakapiga vigelegele.

Kesho yake wakaja wakubwa kutoka Lodwar. Wakauliza, mlijuaje? Lokiru akainama, akachota udongo, akautia menoni mbele ya wote.

"Ni uzoefu, wakubwa. Meno ndio inasema."

Wakatikisa vichwa kwa heshima. Mmoja hata akamwiga. Godelieve, birika la chai mkononi, akamsogelea.

"Injinia," akasema kwa sauti, "uko na miezi ngapi?"

Erupe akaangua kicheko, wakubwa wakacheka, Lokiru naye akacheka kuliko wote. Jioni akamletea barua, imepigwa muhuri, haina doa. Godelieve aliisoma akiwa amesimama, kisha akakaa chini.

"Ni mpishi mwaminifu," iliandikwa, "tena mcheshi sana."