Alama Niliyombandika Mume wa Bibi

Usiku wa jana niliota bibi yangu, Bi Siwema, anaingizwa kwenye hifadhidata niliyoitengeneza mwenyewe kwa ajili ya zahanati ya mtaani. Hifadhidata ilikuwa jokofu la buchani, na bawabu wake alikuwa mizani.

Mizani inanieleza, hata salamu hakuna, kwamba kila sifa ya Bibi, yaani kila taarifa yake, itaingia na kugandishwa milele, isipokuwa iliyobandikwa alama ya @Usihifadhi. Nalijua hilo, ndiyo kazi inayonilisha. Sifa yenye alama hiyo huishi programu ikiwa imewashwa, ikizimwa, inapotea.

Basi sifa zinaanza kutoka ndani ya kanga ya Bibi. Jina linaingia. Tarehe ya Kuzaliwa inaingia ikikohoa. Umri una alama usoni, maana wenyewe hukokotolewa tu kutokana na tarehe hiyo, hauna haja ya kuhifadhiwa, na kwa furaha ya kutoandikwa popote unacheza chakacha mpaka jokofu linatikisika. Nacheka mpaka mbavu zinauma.

Kisha anatoka Mume. Amevaa kanzu, na uso ni wangu.

Babu alishafariki zamani. Ila tangu nizaliwe Bibi huniita mume wake, kama mabibi wanavyowatania wajukuu, na mizani haijui utani.

"Huyu akishaingia, ndoa imefungwa," inasema.

Mwezi ujao namwoa Zawena. Naogopa kweli kweli. Nachomoa alama mfukoni, nambandika Mume kwenye paji la uso, naye ananishukuru kwa adabu.

"Una hakika?" inauliza mizani. "Tukizima, huyu harudi."

Nataka kujibu, lakini tayari tumo ukumbini, jokofu limekuwa keki, Zawena analikata kwa msumeno wa buchani, wageni wanapiga vigelegele, Umri uko juu ya meza. Kila mtu anacheza isipokuwa Bibi. Mizani inazima taa.

Nilipoamka Bibi alikuwa jikoni anakaanga maandazi. Nikamwamkia kama kila siku, shikamoo mke wangu.

"Marahaba, Mbaruku," akasema.

Hajawahi kuniita kwa jina. Nikajilazimisha kucheka, nikamwambia mumewe ana njaa.

Akaniangalia kwa huruma, mwiko mkononi.

"Mume wangu yuko kaburini, mjukuu wangu," akasema. "Kaa unywe chai."