Poda ya Mama Mutale

Redio ya jirani ilipoanza wimbo wa ibada, saa kumi na mbili asubuhi, Mama Mutale alikuwa amekwisha kukaanga karai la tatu la mikate. Akamwachia binti yake Graciella kijiko cha kugeuzia, akaingia chumbani, akavuta pazia, akachukua kopo la poda ya watoto juu ya kabati. Ndani hamna poda. Mna pamba, na chini ya pamba mna vidonge vyake vya mwezi mzima. Chupa waliyompa kwenye kituo cha dawa aliitupa zamani, maana ukiigusa tu inalia kama mahindi makavu ndani ya bati, na kuta za mtaa wa Kampemba hazizuii sauti. Hata Graciella hajui. Alimeza kimoja, akamshukuru Mungu kwa mwaka wa tisa, akalirudisha kopo mahali pake.

Kando yake lilisimama kopo jingine la namna ileile, jipya, lingali na plastiki. Hilo alilinunua jana kwa ajili ya Sephora. Akalitia kwenye mkoba.

Sephora alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu. Mwaka jana alifika kwenye kituo cha dawa cha mtaa wa Katuba na karatasi za maswali, anaandika kitabu cha kumaliza masomo. Kichwa cha kitabu kilikuwa kirefu: namna chuo kikuu kinavyojibu ukimwi na shida nyingine za jamii. Mama Mutale alimkatalia mara mbili. Kituo kingine kiko karibu na nyumba yake, lakini yeye huenda mpaka Katuba, teksi mbili kwenda na mbili kurudi, kwa kuwa Katuba hakuna anayemjua. Mara ya tatu Sephora hakutoa karatasi. Aliketi naye kwenye benchi tangu asubuhi mpaka daktari alipokuja, akamshikia mwavuli jua lilipochoma, akamuuliza habari za mikate. Hapo ndipo Mama Mutale alipofungua kinywa.

"Hatuandike jina, mama," Sephora alimwambia. "Ni numero tu."

Akapewa numero saba. Alisema mengi siku ile, na mengine aliyasema kwa kicheko.

Na wiki iliyopita Sephora alimwalika kwenye soutenance, siku ambayo mwanafunzi anasimama kutetea kitabu chake mbele ya walimu. Walimu, alisema, wanapenda kuona watu wa jamii. Mama Mutale aliliombea jambo hilo siku sita. Mtu akikuita kwenye nyumba ya wakubwa bila kukuambia utafanya nini humo, kuna kitu. Lakini yeye alitaka kusikia kwa masikio yake kile kilichoandikwa. Tena mtoto alikuwa amemshikia mwavuli. Na Lubumbashi mwanafunzi akishinda humwagiwa poda kichwani, hakuna anayekwenda mikono mitupu.

Mlangoni pa ukumbi wa chuo alikaa mwanaume mwenye tai, na orodha juu ya meza.

"Mama, uko wa Sephora?"

"Niko wa Sephora."

"Wa famille ao wa communauté?"

Yaani wa jamaa yake au wa jamii. Mama Mutale aliitazama ile orodha. Mwanaume akamgeuzia karatasi: jina, mtaa, telefone, sahihi. Juu kabisa, kwa herufi kubwa, PVV. Mama Mutale aliishia shule ya msingi, lakini herufi hizo tatu anazijua, ziko kwenye kadi yake ya Katuba. Ndivyo wanavyowaita watu wanaoishi na virusi.

"Ni juu ya kurudisha feza ya transport. Tia signature tu, mama."

"Na karatasi inaenda wapi?"

"Ku bureau."

"Bureau ya nani?"

"Mama, mi bananituma tu."

"Basi mi niko wa famille," akasema, akaingia.

Safu ya mbele ilikuwa na viti vinne vitupu. Kila kiti kilibandikwa karatasi mgongoni, na kwenye kila karatasi herufi zilezile tatu, zinasomeka tangu mlangoni. Akapita kama hakuviona, akaketi safu ya nyuma. Ndipo akamwona Mama Bijou.

Mama Bijou ni jirani wa nyuma ya ua wake. Kila asubuhi ananunua mikate kwake, na Jumapili wanasimama bega kwa bega katika kwaya ya akina mama. Leo amevaa kitenge cha sare pamoja na jamaa ya Sephora. Akaja mpaka nyuma.

"Ah, mama Mutale. Na weye unamuyua huyu mutoto ya dada yangu?"

"Ananunuaka mikate kwangu."

Ilikuwa uongo, akamwomba Mungu msamaha palepale.

"Sephora? Si anaikalaka Ruashi? Anatoka Ruashi kununua mikate Kampemba?"

"Mikate yangu iko muzuri."

Mama Bijou akacheka. Kicheko kilikwisha, macho yakabaki yanamtazama, kisha akarudi kuketi na jamaa, safu chache mbele.

Kando ya ukuta alikuwa amesimama mwanamke mwenye kitambaa cha kijani kichwani. Miaka miwili wamekaa benchi moja Katuba bila kuulizana majina. Walionana, kisha kila mmoja akatafuta kwingine pa kutazama.

Sephora akaanza kusoma. Alisoma Kifaransa, haraka, na Mama Mutale alikamata neno hapa na pale. Lakini maneno ya wagonjwa aliyasoma kama walivyoyasema, kwa Kiswahili. Numero mbili. Numero tano. Kisha:

"Numero saba. Mjane, miaka arobaini na sita, muuza mikate, Kampemba. Bwana yake alikuwa chauffeur wa magari makubwa ya mpaka wa Kasumbalesa. Anasema: 'Mi nafichaka dawa mu kopo ya poudre ya bébé, sababu hakuna muntu anaulizaka mama habari ya poudre.'"

Watu wakacheka kidogo. Hata mwenyekiti wa walimu alitabasamu. Sephora alikuwa ametimiza ahadi: jina halikuwamo. Mengine yote yalikuwamo.

Mama Bijou hakucheka. Hakugeuka pia. Shingo yake ilisimama wima juu ya sare.

Mwenyekiti akavua miwani, akauliza jamii yenyewe iko wapi. Mwanafunzi ameandika kwamba chuo kikuu kinatembea na watu wake, naye mbele yake anaona viti vitupu. Macho ya Sephora yakatembea ukumbini, yakamfikia Mama Mutale, yakasimama hapo. Mama Mutale alishika mkoba kwa mikono miwili. Sephora akatazama chini.

"Labda transport iliwakosesha, professeur."

Walimu wakatoka, wakarudi, wakampa distinction, alama ya juu. Walisifu hasa numero saba, maana inaonyesha kwamba mwanafunzi alifika kweli kwa watu.

Nje poda ilianza kuruka kabla Sephora hajashuka ngazi. Vigelegele, unga, maua ya plastiki. Mama Bijou akaja kusimama karibu.

"Mama Mutale, haukukuya na poudre?"

Alisema vizuri, kwa sauti ya kanisani. Lakini alikuwa anautazama mkoba.

Vidole vya Mama Mutale vilikuwa juu ya kopo. Akisema hana, atakuwa ameficha. Akilitoa, ni kopo lile lililosomwa ukumbini. Akalitoa. Akakata plastiki kwa meno mbele ya Mama Bijou, polepole, akamwendea Sephora.

"Ile page yangu, utaitoa mu kitabu?" alimuuliza chini chini, poda ikianza kushuka kwenye nywele.

"Mama, nilishaka kupeleka bitabu. Biko bitano, ku bibliothèque, kila muntu anaweza kubisoma." Sephora alipangusa poda machoni. "Sikuwaza, mama. Nilificha jina."

"Nilisikia."

Akaendelea kumwaga, nywele, mabega, mpaka kopo halikutoa kitu. Machozi ya mtoto yalichora mistari katika weupe, na watu wakasema ni furaha. Mama Mutale akarudi, akaligonga kopo juu chini, akamwekea Mama Bijou mkononi.

"Angalia muzuri, mama Bijou. Ni poudre tu."

Mama Bijou akachungulia ndani. Kweli akachungulia.

Kwenye barabara ya teksi alimkuta mwanamke wa kitambaa cha kijani. Wakasimama karibu, kila mmoja anatazama upande magari yanakotoka. Mwisho yule mwanamke akasema, bila kugeuza kichwa:

"Mi nilikuwa numero kumi na moja. Mi hakunisoma. Zangu nawekaka mu…"

"Usiniambie," Mama Mutale akasema.

Mwanamke akafunga kinywa, akaitika kwa kichwa. Teksi ya Kampemba ikaja. Mama Mutale akapanda, akauweka mkoba mtupu mapajani, na njia nzima alikizunguka chumba chake katika mawazo, kabati, kitanda, mfuko wa unga, akitafuta mahali pa vidonge ambapo bado hajamwambia mtu.